S ya samaki

Jamani, hivi mmewahi kujiuliza kwa nini kwenye simu "sisi" na "fisi" yanakaribia kufanana? Mtu unamsikia vizuri, unamtambua hata kwa kicheko, ila herufi moja inakuponyoka. Kwa sisi waandishi wa habari hilo si jambo la mzaha. Herufi moja ikikosewa gazetini, aliyekamatwa anakuwa mtu mwingine.

Jibu liko kwenye hesabu za mafundi. Mwaka 1938 Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alisajili hataza ya kugeuza sauti kuwa tarakimu. Tatizo lilikuwa kelele: kila kikuza sauti kilichowekwa njiani kilikuza maneno na kelele pamoja. Tarakimu ni sifuri na moja tu, kwa hiyo kituo cha njiani kinaziandika upya na kelele inabaki nyuma. Wazo zuri, ila vifaa vya wakati ule vilikuwa ghali mno. Ikabidi transista ije kwanza. Mwaka 1962 Bell ya Marekani ikaanza kutumia T1, mfumo unaopitisha simu 24 kwenye jozi mbili za nyaya. Ulaya wakaja na E1 yenye nafasi 32: maongezi 30, na mbili za kuongoza kazi. Huku kwetu Afrika Mashariki tulifuata E1.

Sasa sikilizeni. Simu za zamani zilishazoea kupitisha mitetemo isiyozidi 3,400 hivi kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, kuipima sauti mara 8,000 kwa sekunde kulitosha. Kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Maneno mengi yanapita. Ila sehemu kubwa ya kinachotenganisha "s" na "f" iko juu ya hapo. Inaachwa mlangoni, safari haijaanza.

Kuna siku nilimpigia mama mmoja aliyefiwa na kijana wake. Alipotaja jina la marehemu nikauliza, "Mama, ni s ya samaki au f ya fagio?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nakwambia nimefiwa, wewe unaniuliza samaki?" Nikampa pole, nikangoja, nikauliza tena. Akanitajia herufi moja moja, taratibu, mpaka mwisho. Jina likatoka sawasawa.

Siku hizi simu za 4G zikiongea zenyewe kwa zenyewe zinaweza kupitisha mitetemo mpaka 7,000, na mitambo mingi ya zamani imeshang'olewa. Ila mmoja akiwa na simu ya kawaida, tunarudi kwenye 3,400 ile ile. Kwa hiyo nitaendelea kuuliza, hata kwa mfiwa. Kumsikia mtu kwenye simu si kumsikia wote; kuna fundi alishapima kiasi gani kinatosha, na jina la marehemu halikuwemo kwenye hesabu yake.

Na nyie wadau, s yenu huwa ni ya nini?