Akiba Haiozi: Mkataba wa Kotabeki Asiyejaribiwa

Watangazaji wetu wa kandanda humwita mchezaji anayeketi benchi "mchezaji wa akiba". Ni jina zuri kuliko wanavyolidhania wanapolitamka kwa haraka. Hawakusema mchezaji wa ziada, wala mchezaji aliyesazwa. Walisema wa akiba, kana kwamba kocha ni mama mwenye ghala, aliyelitenga debe moja la mahindi lisiguswe mpaka kiangazi. Na methali inayokuja mdomoni papo hapo, kila msomaji wa ukurasa huu anaijua: akiba haiozi. Mkulima wa mahindi atawacheka wahenga hapo, maana anamjua dumuzi. Lakini ipo akiba moja ambayo kweli haiozi, nayo nimeikuta mbali sana na ghala zetu, katika mikataba ya ligi ya NFL ya Marekani.

Nieleze kidogo kwa wasioufahamu mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani si kandanda. Mpira wake umechongoka ncha mbili, hushikwa kwa mikono, na wachezaji 11 wa kila upande hugongana kama fahali. Katika hao 11 yupo mmoja anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, akaamua kwa nukta chache aurushe kwa nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe. Nitamwita kotabeki. Neno kota tunalo tangu zamani. Wengi wetu tumelea watoto katika kota za walimu, na asili ya maneno hayo mawili ni moja, yaani robo ya Kiingereza. Timu ikiwa na kotabeki hodari ina matumaini. Isipokuwa naye, hata wengine 10 wakiwa simba, msimu ni mrefu.

Sasa, mchezaji wa akiba wa kandanda huingizwa dakika ya 70, watu wakamwona, wakamsifu au wakamzomea. Kotabeki wa akiba hana bahati hiyo, wala hana balaa hiyo. Maadamu mwenye nafasi ni mzima, yeye atasimama kando ya uwanja na kofia kichwani msimu mzima. Hata mazoezini huwezi kumpima sawasawa, kwa kuwa makotabeki huvishwa jezi ya rangi ya peke yake, ishara kwamba ni marufuku kuwaangusha. Mtu anaweza kukaa miaka 4 kazini, akalipwa vizuri, akazeeka kidogo, na bado asijulikane ni nani.

Niliingia katika habari hizi kwa sababu ya mwanangu anayeishi Houston, jimbo la Texas. Mwezi Machi 2016 alinipigia simu usiku, sauti imejaa.

"Baba, tumempata!"

"Mmempata nani tena?"

"Kotabeki, Baba. Brock Osweiler. Dola milioni 72!"

Nilimwuliza kijana huyo amefanya nini hata astahili fedha hizo. Kukawa na kimya kifupi, kisha akasema: "Ni mzuri. Utaona." Mimi ni mwalimu wa lugha, ingawa nimestaafu. Nikiulizia jambo lililotendwa nikajibiwa kwa njeo ya wakati ujao, masikio husimama.

Basi nikasoma. Osweiler, mrefu kupita futi 6 na nusu, alichukuliwa na klabu ya Denver mwaka 2012, akiwa wa 57 katika zamu ambayo klabu hugawana chipukizi wanaotoka vyuo vikuu. Misimu mitatu alikaa nyuma ya Peyton Manning, mmoja wa makotabeki wakubwa wa zama zake. Mwaka 2015 Manning akaumia mguu, na Osweiler akaanza michezo 7, timu ikashinda 5. Katika mchezo wa mwisho kabla ya mtoano alitolewa, Manning akarudi, na Februari 2016 Denver ikatwaa ubingwa wa Super Bowl huku Osweiler akitazama. Manning alitangaza kustaafu tarehe 7 Machi. Tarehe 9 Machi Osweiler alikuwa mtu wa Houston: miaka 4, dola milioni 72, na kati ya hizo milioni 37 zimewekewa dhamana.

Nilichokipenda zaidi ni namna posa ilivyopelekwa. Kwa kanuni za ligi wakati ule, katika siku 2 kabla ya soko kufunguliwa klabu ziliruhusiwa kuzungumza na wakala wa mchezaji, lakini si na mchezaji mwenyewe. Mtu huyo sisi tunamjua: ni mshenga. Tofauti ni kwamba kwetu mshenga akienda mbele, nyuma huenda shangazi kupeleleza. Anauliza kisimani, anauliza sokoni, anataka kujua huyu binti akikasirika huwaje. Houston hawakuwa na shangazi. Walikuwa na filamu za michezo 7 na sauti ya mshenga kwenye simu, naye mshenga wa kule hupata fungu lake katika mahari yenyewe.

Na walikuwapo waliomjua. Denver walikula naye, walimwona akichoka, walimwona siku alipotolewa uwanjani na sura aliyoivaa. Walitaka abaki, ila hawakupanda kufikia bei hiyo. Hapa ndipo nilipoielewa ile methali upya. Waliomfahamu zaidi ndio waliotoa kidogo, na wasiowahi hata kusalimiana naye ndio waliotoa kingi. Kilichouzwa hakikuwa michezo 7. Kilichouzwa ni ile mingine yote ambayo hakuicheza, ambayo kila mtu aliweza kuijaza kwa matumaini yake. Akiba hiyo haiozi kwa sababu haijafunguliwa.

Mniruhusu sasa niusome mkataba wa namna hii kwa macho ya sarufi. Dola milioni 37 zilikuwa katika -ta-: atalipwa. Acheze asicheze, ashinde ashindwe, atalipwa, na kwa hesabu zilivyopangwa dhamana hiyo ilifunika miaka 2 ya mwanzo. Milioni 35 zilizobaki zilikuwa katika -ki-: akibaki, akipendeza, klabu isipobadili nia. Katika ligi hiyo klabu inaweza kumwacha mchezaji wakati wowote, na fedha zisizo na dhamana huyeyuka naye. Ile thamani yenyewe iliyowafanya Houston wachukue kalamu ilikuwa katika -nge-: angepewa timu yake, angefika mbali. Kwa upande wa -me-, aliyoyatenda yakathibitika, palikuwa na michezo 7.

Magazeti hujumlisha -ta- na -ki- kana kwamba ni njeo moja, yakatangaza milioni 72 kwa herufi kubwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili angekatwa alama. Mawakala wanaijua sarufi hii barabara. Wao hupigania -ta- na kuiacha -ki- ipambe ukurasa wa mbele. Neno dhamana lenyewe kwetu limezoea vituo vya polisi, mtu "ametoka kwa dhamana", na si vibaya kulikumbuka hivyo. Ni rehani inayowekwa pale ambapo hakuna anayemwamini mwenzake vya kutosha.

Nilimtumia mwanangu ubeti mmoja kwa simu. Si mkubwa, lakini mizani imetimia:

Mkataba umetungwa, mshenga yuko tayari,
Dhamana imeshapangwa, yaliyobaki ni siri,
Mchezaji hajasongwa, kwa sifa ana fahari,
Haiozi ikifungwa, ifungueni mkiri.

Wakaifungua. Msimu wa 2016 Osweiler alifunga kwa pasi mara 15, na pasi zake 16 zikanaswa na wapinzani. Mashabiki wa nyumbani walimzomea. Tarehe 18 Desemba aliwekwa benchi katikati ya mchezo, kisha akarudishwa kwa sababu aliyempokea aliumia kichwa, akashinda mchezo mmoja wa mtoano na kupoteza uliofuata. Haukuwa msimu wa aibu tupu, kwani timu iliongoza kundi lake. Lakini mwanangu hakutaka kusikia hayo. Alimwita mwizi.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi alikuja, akaketi nyuma ya darasa kipindi kimoja cha dakika 40, akajaza fomu yake, akaondoka. Kipindi hicho mtu alikiandaa wiki nzima. Chati zimechorwa, wanafunzi wameonywa, hata chaki imepangwa kwa rangi. Mwenzetu mmoja alipata alama ya juu kuliko sote, akapangiwa shule kubwa, akapewa madarasa ya mtihani. Hakuyaweza. Nikasikia walimu wakimsema kwenye kahawa kwamba alidanganya. Alimdanganya nani? Alifundisha kipindi alichoambiwa afundishe, na kalamu iliyoandika alama haikuwa mkononi mwake. Nimefundisha zaidi ya miaka 30 na bado sijaona haki ya kumhukumu mtu kwa tumaini ambalo wengine walilishona wakamvisha.

Mwanangu alijibu kwa hoja ambayo siwezi kuitupa. Ligi ile ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2016 kilikuwa takriban dola milioni 155 kwa klabu nzima. Kila milioni anayopewa mtu mmoja inaondoka kwenye sahani ya mwingine, pengine mlinzi mwenye misimu 8 ya -me- na magoti yaliyokwisha. "Huyo naye, Baba, nani atamwandikia ubeti?" Swali hilo nimekaa nalo. Ila ukilifuata hadi mwisho linakupeleka kwa aliyegawa sahani.

Kwa nini basi wagawaji huyarudia? Hofu. Mwaka 2001 klabu ya New England ilimpa kotabeki wake, Drew Bledsoe, mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 103. Septemba akaumia, akaingia kijana aliyekuwa wa 199 katika kugawana chipukizi, jina lake Tom Brady, na mwezi Februari walikuwa mabingwa. Tangu hapo kila klabu huota kwamba Brady wake yumo ghalani mwa jirani, na haitaki kuwa ile iliyopita mlangoni bila kubisha.

Mara nyingine ghala lina kitu kingine. Tarehe 1 Januari 2012 Matt Flynn, akiba wa Green Bay, alirusha yadi 480 na kufunga mara 6 kwa pasi katika mchezo mmoja, maana mkubwa wake alikuwa amepumzishwa. Machi hiyo Seattle wakampa mkataba wenye dhamana ya dola milioni 10. Mwezi uliofuata klabu hiyo hiyo ikamchagua chipukizi wa raundi ya tatu, Russell Wilson, kwa mkataba wa miaka 4 usiofika milioni 3. Wilson ndiye aliyeanza msimu, na Februari 2014 ndiye aliyelibeba kombe. Washairi mtanielewa: kuna mtu ana ubeti mmoja unaokaririwa kila harusi, na kuna mtu ana diwani.

Sisemi kwamba kila gunia lina paka. Jimmy Garoppolo, aliyekaa nyuma ya Brady, alikwenda San Francisco mwishoni mwa Oktoba 2017, akaanza michezo 5 akashinda yote, na Februari 2018 akaandikiwa miaka 5 ya dola milioni 137.5. Miaka miwili baadaye timu yake ilicheza Super Bowl, ikafungwa na Kansas City. Tumebishana sana, mwanangu na mimi, kama hiyo ilikuwa bei halali. Mimi nasema ndiyo.

Tarehe 9 Machi 2017, mwaka mmoja kamili baada ya ile simu ya usiku, Houston walimwondoa Osweiler kwa njia ambayo sijapata kuisikia hata kwa madalali wa ng'ombe. Walimpeleka Cleveland, na ili Cleveland wakubali kuubeba mshahara wake wa dola milioni 16 wenye dhamana, wakawaongezea nafasi yao ya raundi ya pili ya kuchagua chipukizi wa mwaka 2018. Cleveland walinunua gunia, si mbuzi. Nafasi hiyo ilikuja kuwapa Nick Chubb, mkimbiaji hodari. Osweiler mwenyewe waliachana naye Septemba, kabla msimu haujaanza.

Siku chache tu akawa amerudi Denver, nyuma ya Trevor Siemian, mchezaji wa akiba kama alivyokuwa. Denver walimlipa kima cha chini cha mkongwe, dola 775,000. Sehemu kubwa ya ile milioni 16 ililipwa na Cleveland, klabu ambayo hakuwahi kuichezea hata mchezo mmoja wa ligi.