Safari Iliyoishia Mchukwi



Habari za safari zinazopendwa kusomwa ni za watu waliofika. Leo twawaletea habari ya safari ambayo haikufika, maana nayo ina mafunzo yake, na huenda yakawafaa wale wanaokusudia kufunga safari pamoja na wazee na watoto.

Tulikuwa watu watano: baba, mama, watoto wawili, na bibi yetu mwenye miaka 78. Tulikusudia kwenda Lindi kwenye arusi ya mjukuu wake, iliyowekwa Jumamosi tarehe 11 Mei 2024. Bibi alikuwa amemsukia bibi arusi mkeka wa ukindu kwa mikono yake mwenyewe, na neno lake lilikuwa moja tu: autandike yeye, kwa mikono ile ile. Kwa kuwa hawezi kukaa kutwa nzima katika basi, tuliazima motakaa kubwa iliyotengenezwa mfano wa nyumba ndogo. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, pipa la maji na mahali pa kutilia vyakula. Tukaona kwamba tumekwisha kutengeneza mambo yote: nyumba twaenda nayo, chakula twaenda nacho. Kumbe jambo moja tulilisahau, nalo ni njia yenyewe.

Jumamosi tarehe 4 Mei kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipiga pwani yetu upande wa Mafia. Siku ya pili yake upepo ukatulia, nasi tukasema, “Hatari imepita.” Jumatatu alfajiri tukaondoka Dar es Salaam, tukapita Mkuranga na Bungu, kati ya mikorosho na minazi na michungwa, njia nzuri ya lami, watoto wakiimba, bibi amelala kitandani mwake. Hata tulipofika Kibiti, mwendo wa kilomita 140 hivi, tukaona malori na mabasi yamepangana kando ya njia, na abiria wameketi chini ya miti na mizigo yao. Tukauliza, “Kuna nini?” Tukajibiwa, “Njia imekatika. Kule mbele, upande wa Somanga na mto Matandu, maji yameichukua barabara mahali pengi.”

Hapo ndipo shauri letu lilipogawanyika. Baba alisema, “Twendeni tu. Motakaa yetu ni ndefu kwa miguu, na nyumba tunayo. Tukikwama tutalala humo.” Mama akasema, “Baba watoto, wewe unaihesabu motakaa. Mimi nawahesabu watu waliomo.” Maneno yakawa mengi, wala hatuoni haya kuwaambia, maana katika nyumba zote huwa hivyo. Basi dereva mmoja aliyekuwa akisikiliza akasema kwa upole, “Ndugu zangu, wako watu waliovuka pengo la kwanza, wakakuta la pili mbele yao, kisha maji yakapanda tena nyuma. Sasa hawaendi wala hawarudi.” Baba akanyamaza. Tukaelekea Mchukwi, si mbali na Kibiti, mahali penye hospitali ya misheni. Mwalimu mmoja akatukaribisha tuiweke motakaa chini ya mwembe wake.

Usiku wa pili bibi akashikwa na homa kali, mwili ukatetemeka hata kitanda kikalia. Asubuhi tukampeleka hospitali. Damu ikapimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Siku ya tatu akaomba uji. Wala hakuna aliyesema neno, lakini kila mmoja wetu alikuwa akiwaza jambo lile lile: kama tungaliendelea, homa ile ingalimkuta kati ya mapengo mawili, na maji mbele na maji nyuma.

Jioni ile akaja kutujulia hali mzee mmoja jirani wa mwalimu. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo, babu,” naye akaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu,” akaketi juu ya kigoda. Baba akamweleza huzuni yake ya kwamba mipango yote imeharibika. Mzee akacheka kidogo, akasema, “Mwanangu, sisi tumezaliwa na mto. Mipango yetu huharibika kila mara.”

Kisha akatueleza kilimo cha bonde la Rufiji. Masika watu hupanda mpunga na mahindi. Mto ukijaa kwa kiasi, mpunga hunywa na kustawi. Ukizidi, hufunika kila kitu. Mwezi ule wa Aprili 2024 mto ulikuwa umezidi, na watu wengi wa Rufiji na Kibiti walikuwa wamepoteza mashamba na nyumba. Lakini maji yanapopunguka huacha tope jeusi lenye rutuba na unyevu, na juu ya tope hilo watu hupanda tena, mahindi na kunde na maboga, bila ya kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho huitwa mlau. Wakati wa kulinda mazao hukaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili maji na wanyama wasiwafikie. Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni kwenda kukaa katika vijiji vya mahali pa juu. Hata hivyo wengi waliendelea kushuka kulima, kwa sababu ya tope lile.

“Lakini sikilizeni,” akasema, “mlau si wa kila mtu. Ni wa yule aliyeweka mbegu. Mtu aliyepanda mbegu zake zote masika, maji yakija humwacha na tope tupu. Na siku hizi ni vigumu zaidi kubahatisha, maana kuna bwawa kule juu, na maji hayafuati mvua peke yake.” Alikusudia bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022.

Mwalimu naye akaongeza habari ya kale ya mto huo. Mwaka 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika midomo ya Rufiji, kati ya misitu ya mikoko, kwa kuwa mitambo yake iliharibika. Vyombo vilivyoharibika vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa, vikikokotwa kwa njia ya nchi kavu na watu weusi kwa nguvu za mikono yao. Manowari ikapona, lakini mlango wa bahari ulikuwa umekwisha kufungwa na Waingereza, nayo haikutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa sana, wenyewe waliizamisha. Hata hapo mizinga yake kumi ikaopolewa, ikakokotwa tena nchi kavu ili vita viendelee.

Mwalimu akamaliza kwa kusema, “Vitabu huwasifu maofisa kwa kutokata tamaa. Wale waliokokota hawatajwi sana.”

Neno hilo lilimwingia baba. Usiku ule alituambia, “Nami nilitaka kuwa ofisa wa namna ile. Nilisema sitakata tamaa, na aliyekuwa akokote kutokata tamaa kwangu ni mama yangu.” Tukaona kwamba ni kweli. Mtu anaposhikilia shauri lake, na ajiulize kwanza ni nani atakayelipa. Mara nyingi si yeye mwenyewe. Ni mtoto, au mgonjwa, au mzee asiyependa kulalamika.

Ijumaa tukarudi Dar es Salaam. Mafundi walikuwa kazini kuijaza barabara mawe, lakini bibi hakuwa na nguvu za kungoja. Jumamosi arusi ikafungwa Lindi pasipo sisi. Bibi aliongea na mjukuu wake kwa simu, akamwusia maneno yake, kisha akalia sana. Hatutaki kuwadanganya kwamba alifurahi.

Mwezi wa Julai tukasafiri tena, safari hii bila haraka. Tulivuka mto juu ya daraja la Mkapa, lenye urefu upatao mita 970, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake wasafiri walivushwa kwa kivuko cha Ndundu, na ikiwa mto umefurika walingoja. Kutoka darajani tuliyaona mashamba ya bondeni. Mahali palipokuwa maji matupu, mahindi yalikuwa yamesimama kijani. Bibi akayatazama mpaka yakatupotea machoni, akasema, “Basi yule mzee aliweka mbegu.” Kule Lindi akautandika mkeka kwa mikono yake. Haikuwa sawasawa na siku ya arusi; ngoma hazikuwapo, wala jamaa waliotoka mbali. Lakini mkeka ulitandikwa, na aliyeutandika alikuwa hai.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi naye lazima awe na koleo la pili. Kwa hiyo, wasomaji wetu, mnapopanga safari, wekeni mbegu ya mlau. Msitumie fedha zote katika kwenda; wekeni za kurudi na za kungoja. Mwulizeni yule atokaye mnakokwenda, maana ameiona njia. Kabla ya kuondoka, kubalianeni juu ya mahali mtakapogeukia mambo yakiharibika, ili msishindane njiani mbele ya watoto. Pimeni mwendo kwa aliye dhaifu kuliko wote. Na wapelekeeni habari mapema wale wanaowangoja, wasikae wakitazama njia.

Motakaa ile tuliirudisha kwa mwenyewe salama, ila ilikuwa na tope jekundu mpaka madirishani. Watoto walipoiosha walikuta ndani yake embe moja la Mchukwi, limeviringika chini ya kitanda cha bibi. Wakaligawanya mafungu matano.