The Newsroom: niliipenda, nikaisonya, nikairudia

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka kuongelea tamthilia.

The Newsroom ilirushwa na HBO kuanzia Juni 2012 hadi Desemba 2014, misimu mitatu, jumla vipindi 25. Mtunzi wake ni Aaron Sorkin. Mimi niliipata kwenye flashi ya rafiki yangu tukiwa chuoni, tukaimaliza kwa kukesha. Yule mtangazaji Will McAvoy, anayeigizwa na Jeff Daniels, alitufanya tuione kazi hii kama wito. Nilihitimu nikitembea kama yeye, kasoro mshahara.

Kisha nikaingia kazini. Jamani! Nilipoirudia baada ya mwaka mmoja wa kufukuzia habari kwa daladala, nikaanza kuisonya. Kwanza, hotuba. Hakuna anayehutubia vile dakika kumi kabla ya taarifa ya saa mbili. Pili, Sorkin aliandika juu ya matukio ya 2010 na 2011 yakiwa yameshapita, kwa hiyo watu wake karibu kila mara wanajua nani wa kumwamini. Mechi ya jana kila mtu anaibashiri. Tatu, na hili ndilo liliniuma: msimu wa pili, Maggie anakwenda Uganda, mtoto aitwaye Daniel anapigwa risasi akiwa amembeba mgongoni, na hadithi inaondoka na majonzi ya Maggie. Mtoto mwenyewe anabaki kuwa sababu ya Mmarekani kukata nywele. Nikazima.

Halafu ikaja zamu yangu.

Zilienea habari WhatsApp kwamba mwanamuziki mmoja mkongwe amefariki. Makundi matatu, maneno yale yale. Wenzetu wa vyombo vingine wakatoa. Nikapiga simu kwa familia mara moja tu, haikupokewa. Nikairusha.

Haikupita robo saa, simu ya chumba cha habari ikalia. Binti yake. Hakufoka. Alisema, "Kaka, baba yuko hapa anakunywa chai. Ila mama ameanguka sokoni, wamemwambia amekuwa mjane."

Mama alizinduka, namshukuru Mungu. Mhariri wangu hakunifukuza. Aliniambia niende kuomba radhi mwenyewe, kwa miguu yangu, nyumbani kwao. Nikaenda. Mzee akanikaribisha chai. Haikupita kooni.

Usiku ule nikakitafuta kipindi cha nne cha msimu wa kwanza. Ni 8 Januari 2011, mbunge Gabrielle Giffords amepigwa risasi ya kichwa huko Tucson, Arizona. Vituo vingine vinatangaza kuwa amekufa. Bosi anaingia anafoka kwamba watazamaji wanakimbia. Don, mmoja wa watayarishaji, anamjibu kuwa anayetamka kifo cha mtu ni daktari, si taarifa ya habari. Wanasubiri. Na hapo Sorkin hakutunga kila kitu: siku ile kweli NPR na wengine walitangaza kifo chake, kisha wakaomba radhi. Giffords alipona.

Zamani niliona pale wanajigamba tu. Safari hii nilijiona mimi ndiye yule anayefoka.

Nikaendelea hadi habari ya Genoa, msimu wa pili, ambapo mtayarishaji Jerry Dantana anakata maneno ya jenerali ili yaseme anachotaka yeye. Saa ya mpira wa kikapu kwenye televisheni iliyokuwa nyuma ya jenerali ndiyo inamuumbua. Hadithi hiyo inafanana na ya CNN, waliofuta taarifa yao ya Operesheni Tailwind mwaka 1998. Kumbe hata wale wahubiri wanaanguka.

Hotuba bado ni nyingi, na ile ya Uganda sijaisamehe. Lakini siisonyi tena. Siku hizi nikiambiwa fulani amefariki, nauliza, "Nani kamwona?" Ofisini wananitania, wananiita Daktari.

Sawa tu. Waniite.

Alamsiki.