Gome la Mkundekunde

Sokoni Tandika, dawa za miti shamba zinatangazwa kwa spika. Sauti iliyorekodiwa inajirudia kutwa: ngiri, chango, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, mpaka mikosi. Chini, juu ya kiroba, pana unga wa kila rangi na mafungu ya mizizi, na muuzaji anapima kwa kizibo cha soda. Wateja tunauliza unatibu nini na bei gani. Mti wenyewe ukoje, hakuna anayejali.

Mmoja wa miti hiyo ni mkundekunde, ambao wengine huuita mzoka. Humea katika mapori ya miombo. Si mkubwa; gome lake ni jeusi, lenye mipasuko, na kabla ya mvua hujaa maua ya manjano. Gome na mizizi huchemshwa kwa maumivu ya tumbo na homa. Maji yake ni machungu kwelikweli.

Bibi mmoja wa Kizaramo, jirani yetu Mbagala, alikuwa akifuata dawa Kisarawe. Gome alilitoa upande mmoja tu, kisha akapaka udongo penye jeraha. “Mti haunyang’anywi doti nzima, mwanangu. Unaachiwa kanga moja ujisitiri.” Alikuwa sahihi: chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kwa njia zilizo ndani ya gome. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa, na mti huifuata.

Mchimbaji wa leo analipwa kwa gunia, hana muda wa kanga moja. Sitamlaumu peke yake, kwani wanaolitaka gunia hilo ni sisi wa mjini.

Na tabia hiyo haikuishia porini. Kila ukoo una kijana mmoja mwenye mshahara: ada kwake, kodi ya mama kwake, msiba kwake, mchango wa harusi kwake. Tunambandua pande zote, halafu tunashangaa amezima simu.

Turudi kwenye dawa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilileta baraza la kusajili waganga. Basi ukinunua, muulize muuzaji kama amesajiliwa, na gome limetoka wapi. Na ukifika hospitali, usimfiche daktari unachokunywa.