Ada bure Ujerumani, ila usiuze shamba kwanza

Ukipanda basi kutoka Tunduma kupitia Laela, unaikuta Sumbawanga kwenye ubaridi wa milima ya Mbizi. Huku Ufipa, ada ya mtoto hutoka kwenye magunia ya mahindi na maharage. Mzazi akisikia vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, lazima atege sikio.

Ni kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni kujikimu. Ili kupata viza, tangu Septemba 2024 mwanafunzi asiye na ufadhili kwa kawaida huweka benki yuro 11,904 za mwaka mmoja, na huruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Tena, shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani.

Mzazi mwenzangu, usiuze shamba kwa neno "bure". Mtoto anaweza kuanza shahada ya kwanza hapa nchini, Mbeya au Dodoma, kwa mkopo wa HESLB. Akifaulu vizuri, aombe ufadhili wa DAAD kwa shahada ya uzamili. Shamba litabaki kuwasomesha wadogo zake.