Dakika 10 kwa Saa 21

Wanafunzi wengi husema kwamba wakimaliza shule watafungua chaneli ya video katika YouTube. Husema kazi yenyewe ni nyepesi: kushika simu, kusema maneno, kisha kungoja fedha. Mimi sina chaneli, na hapa bwenini simu haziruhusiwi. Lakini kaka yangu anayo, na katika likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa msaidizi wake kwa muda wa wiki 4. Nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, hasa habari ya saa.

Chaneli ya kaka yahusu mambo ya zamani ya Ufipa. Huwaendea wazee wa vijiji vya karibu na milima ya Mbizi na kuwauliza walivyosimuliwa na baba zao. Huuliza habari za malungu, yaani yale matanuri marefu ya udongo yaliyoyeyushia mawe ya chuma, yakivuta upepo yenyewe bila mivukuto. Huuliza pia juu ya matuta ya mviringo: jinsi majani yanavyofukiwa yaoze, na jinsi tuta linavyovunjwa na kutawanywa msimu unaofuata ili ulezi upandwe. Kila Ijumaa hutoa video moja ya dakika 10.

Baba yetu ni mkulima. Desemba mvua zimekwisha kuanza na shamba lataka watu, naye hakufurahi kuona vijana wawili wakiondoka na simu badala ya jembe. Hata hivyo hakutukataza. Aliniambia, "Wewe umesoma. Chukua daftari, uandike saa za mwenzako kama mimi ninavyoandika siku za vibarua." Nikaandika wiki zote 4, kisha nikatafuta wastani.

Wastani wa wiki moja ulikuwa hivi. Kumtafuta mzee, kumweleza nia yetu na kupata idhini yake, saa 2. Kwenda na kurudi kwa baiskeli, saa 3. Mazungumzo na kupiga picha, saa 4. Kukata na kuunga video kwenye kompyuta, saa 6. Kuandika tafsiri ya Kiswahili chini ya maneno ya Kifipa, saa 3. Kupakia video kwenye intaneti, saa 1, ambayo karibu yote ni ya kungoja. Kujibu maswali ya watazamaji, saa 2. Jumla saa 21.

Yafaa tuzifikiri saa hizo. Ni saa 3 kila siku, hata Jumapili. Kila dakika anayoitazama mtu imemgharimu kaka saa 2 na dakika 6. Sisi shuleni tuna vipindi 40 vya dakika 40 kwa wiki, yaani saa 26 na dakika 40. Basi chaneli moja ndogo yakaribia kuwa shule ya pili.

Na fedha je? Kwa masharti ya YouTube yaliyoanza mwaka 2018, mwenye video za namna hii hagawiwi mapato ya matangazo mpaka awe na watu 1,000 waliojiunga na chaneli yake, na video zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi 12. Kwa video za dakika 10, hizo ni sawa na kutazamwa mara 24,000 toka mwanzo hadi mwisho. Kaka hajafika huko. Bando hununua kwa fedha za maharage yake.

Nilipompelekea baba daftari, alilisoma polepole. Kibarua wa jembe kwetu huanza saa 12 asubuhi na kuacha saa 7 mchana, kwa hiyo alisema mara moja, "Hawa ni vibarua watatu." Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja akauliza, "Na saa za kukaa na mzee ni hizi 4 tu?"

Swali hilo lilituingia sana, maana wiki ile ile mzee mmoja tuliyekwisha kuagana naye siku ya kuzungumza alifariki kabla ya siku hiyo kufika. Tulikwenda kumzika. Aliyokuwa akiyajua juu ya malungu hatukuyapata.

Basi kaka akapanga upya. Wakati wa kilimo hutoa video moja kila baada ya wiki 2. Wiki isiyo na video humwachia saa 12 za kukata, kutafsiri, kupakia na kujibu, naye huzipeleka shambani. Lakini zile saa 9 za kuwaendea wazee hazipunguzi hata wiki moja. Mazungumzo huyaweka akiba, ayaunge wakati wa kiangazi. Baadhi ya watazamaji wamelalamika kwamba Ijumaa hawaoni kitu. Kaka huwajibu kwamba kompyuta yaweza kungoja, mzee hawezi.

Wenzangu, sisemi msifungue chaneli. Nasema kwanza ulizeni sheria, kwa maana tangu mwaka 2018 nchi yetu imekuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kisha chukueni daftari, mwandike saa zote, na mbele ya kila saa mwandike imetoka wapi: shambani, usingizini, au vitabuni. Mwisho tengeni saa zinazoweza kungoja na zile zisizoweza.

Kaka ameniomba niwe mwandishi wake wa tafsiri. Nimemjibu kwamba mpaka mwezi wa Mei saa zangu ni za mtihani, kwa kuwa mtihani nao haungoji. Baada ya hapo nitampa saa 3 kila wiki, na baba ameahidi kuziandika.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita