Sumu inayorudi nyumbani pamoja na mshahara

Ukitaja risasi hapa mjini, wengi hufikiria bunduki na majambazi. Lakini kuna risasi nyingine isiyotoa mlio. Ni yale madini mazito ya kijivu yanayotiwa katika betri za magari, na ambayo kwa miaka mingi yalitiwa pia katika petroli na rangi za nyumba. Petroli ya namna hiyo iliondolewa nchini mwaka wa 2006, na wengi wetu tukadhani hatari imekwisha. Kumbe ilibaki palepale kazini.

Nayajua haya kwa sababu yaliingia katika ukoo wetu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa kibarua katika karakana moja ya betri kuukuu hapa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuzipasua kwa shoka, kumwaga asidi na kutoa vipande vya risasi ili viyeyushwe motoni. Hakupewa glavu wala kitu cha kuziba pua. Alipewa pakiti ya maziwa kila siku, na msimamizi akawaambia vibarua kwamba maziwa huondoa sumu. Huo ulikuwa uongo. Maziwa ni chakula chema, lakini hayasafishi risasi iliyokwisha kuingia mwilini.

Maradhi yalianzia tumboni. Shemeji akawa hapati choo siku tatu nne, kisha tumbo linamkata kama kisu. Akameza dawa za minyoo, halafu za vidonda vya tumbo. Kichwa kikawa kinamgonga usiku kucha. Yeye aliyekuwa mcheshi akawa mkali hata kwa watoto. Mwishowe mkono wa kulia ulilegea, akashindwa kuinua kikombe cha chai, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Alipita kwa madaktari kadha kabla ya kumpata mmoja aliyemwuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Damu ilipimwa, risasi ikaonekana. Kisha daktari akamgeukia dada yangu: "Na watoto je, mama?"

Dada alishangaa. Watoto hawakuwahi kukanyaga karakanani. Lakini ovaroli ya baba yao ilifuliwa katika karai moja na sare zao za shule. Viatu vyake vililala chini ya kitanda chao. Kila jioni alipobisha hodi, walimrukia kifuani kabla hajanawa. Vumbi la risasi hushika katika nguo na nywele, likafika nyumbani bila mtu kulialika. Watoto wote wawili walipatikana nalo, na mdogo akamzidi kaka yake, kwa kuwa yeye ndiye anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu kinywani.

Msomaji mpenzi, usidhani ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo aweza kufyonza mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Ubongo wake ungali unakua, kwa hivyo hudhurika katika kujifunza, kukumbuka na kutulia darasani, na madhara hayo huenda yasiondoke. Kwa mtu mzima, risasi hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo na hupunguza damu. Isitoshe, hujificha mifupani kwa miaka na mikaka. Mwanamke akipata mimba, hutoka mifupani ikaingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaielewa hadithi hii. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ubavuni mwa mtaa wao, moshi na maji machafu yakawafikia. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupatikana na risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Rufaa ikalipindua hilo, na ikabidi wangoje hadi Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikairejesha haki yao.

Nyumbani kwa dada vita vilikuwa vya namna nyingine. Alipomsihi mumewe aache kazi ile, alimjibu, "Karo utalipa wewe, Mama Watoto? Mchagua jembe si mkulima." Sikuweza kumlaumu. Mwenye watoto wawili na nyumba ya kupanga hachezi na kibarua. Lakini mkono uliolegea haukumpa nafasi ya kubishana. Siku hizi yeye ni bawabu. Mshahara umepungua, mkono umepata nguvu kiasi, na kifungua mimba angali anasumbuka na hesabu. Kama ni risasi au la, hakuna anayeweza kutuapia.

Wewe unayefanya kazi ya betri, ya kulehemu au ya kukwangua rangi za zamani, oga na ubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Usile wala kuvuta sigara penye vumbi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Nyumbani, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kikavu. Ukienda hospitalini, mwambie daktari kazi yako hata asipouliza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri akukinge, na nyingine ya mwaka uohuo inatoa fidia kwa maradhi yatokanayo na kazi. Jembe huenda hatulichagui, lakini kuuliza kama lina sumu ni haki ya kila mkulima.